Paka wangu ana kisukari, insulini inapanda na yeye anazidi kunenepa. Wajuzi wa CT na MRI ya kichwa cha paka, njooni huku

Mwana_Uyole

Wakuu, habari za jioni. Niko Uyole, Mbeya. Nina paka dume, ameshahasiwa, ana umri wa miaka kama 11, tunamwita Meneja. Mwaka jana aligundulika na kisukari. Alikuwa anamaliza bakuli la maji na kurudi kulilamba likiwa kavu, mchanga wake wa kukojolea unalowa wote. Tukaanza insulini uniti 1 asubuhi na 1 jioni.

Leo ninapoandika yuko uniti 9 mara mbili kwa siku na glukometa bado inanisomea 22, 25, siku nyingine inaandika HI kabisa, yaani sukari imevuka uwezo wa kifaa kusoma.

Kinachonitatiza zaidi ni mwili. Nilijua kisukari kinakondesha. Huyu alikuwa kilo 5.4, sasa ni kilo 6.8. Anakoroma usiku hadi wageni wanauliza chumbani kuna nani. Nikiangalia picha zake za zamani kwenye simu, uso umepanuka, taya la chini limetokeza mbele, meno ya mbele yameachana na nyayo zimekuwa kubwa.

Daktari wa mifugo anayetuhudumia kaniambia kwa upole kwamba huenda kuna uvimbe kwenye tezi ya pituitari, ile iliyoko chini ya ubongo, na uthibitisho ni picha ya kichwa. Nikamuuliza picha ipi na wapi, akacheka tu.

Sasa nauliza: ni X-ray, ultrasaundi, CT au MRI? Nyanda za Juu Kusini inawezekana? Na ikionekana, kuna la kufanya au ni kuchoma hela?

Naomba kuwasilisha.

Kapuku_la_Mafinga

Kuna wazee wanalala benchi kusubiri CT, wewe unataka kumpigia paka. Nchi hii ina wenyewe.

Shangazi_Makambako

Kapuku, hela ni yake na paka ni wake. Kila uzi wa mnyama lazima atokee mtu wa kuhesabu mfuko wa mwenzie. Mleta mada, mimi sina jibu ila nimeweka kiti hapa, maana wangu naye anakunywa maji sana siku hizi.

Dokta_Mtwivila

Kamwene. Mimi ni daktari wa mifugo, niko Iringa. Kazi yangu kubwa ni ng'ombe wa maziwa na kuku, lakini paka na mbwa wanakuja, na wenye kisukari wanaongezeka kwa sababu watu wanazidi kuwafuga ndani na kuwahasi.

Mwana_Uyole, ulivyoeleza ni mfano ulio wazi mno. Tezi ya pituitari ya paka ni ndogo sana, urefu wake wa kwenda juu ni kama milimita 3, imekaa kwenye kishimo cha mfupa katika sakafu ya fuvu. Ikiota uvimbe wa seli zinazotengeneza homoni ya ukuaji, homoni ile inamwagika kupita kiasi. Inafanya mambo mawili. Kwanza inazuia insulini isifanye kazi mwilini, ndiyo maana unaongeza uniti na sukari haishuki. Pili inaliamrisha ini litoe kitu kinaitwa IGF-1, nacho ndicho kinachokuza taya, nyayo, ulimi, kaakaa laini la nyuma ya koo (hapo ndipo mkoromo unapotoka), figo, ini, hata misuli ya moyo. Kwa watu ugonjwa huu huitwa akromegali. Kwa paka karibu kila mara unakuja na kisukari.

Tena si nadra kama tulivyofundishwa zamani. Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha udaktari wa mifugo cha Royal Veterinary College, London, walichapisha matokeo ya paka 1,221 wenye kisukari wa Uingereza. Asilimia 26.1 walikuwa na IGF-1 iliyozidi nanogramu 1,000 kwa mililita, na wakakadiria kwamba karibu paka mmoja kati ya wanne wenye kisukari kule ana tatizo hili. La kututia aibu sisi madaktari ni kwamba katika paka waliokuwa nao kweli, ni asilimia 24 tu ambao madaktari wao waliushuku kwa nguvu. Wengi hawana sura ya kutisha. Wako kama paka yeyote mnene.

Lakini kabla hujapiga hata hatua moja kuelekea kwenye mashine, nijibu haya:

Insulini ni ya aina gani, na sindano ni ya U-40 au U-100? Hapa watu wengi wanaumia. Insulini ya wanyama mara nyingi ni uniti 40 kwa mililita, ya binadamu kutoka famasi ni 100. Ukichanganya chupa na bomba la sindano, dozi unayosema si dozi unayochoma.

Inahifadhiwa wapi? Friji, sawa, lakini isiwe karibu na barafu. Ikishaganda hata mara moja imekufa.

Ana meno mabovu, au maambukizi ya mkojo? Amewahi kuchomwa deksamethasoni au kupewa prednisoloni kwa ajili ya kuwashwa? Steroidi peke yake inaweza kukufikisha hapo ulipo.

Anakula nini?

Mwana_Uyole

Shikamoo dokta, na asante sana.

Insulini ni glajini ya binadamu, sindano ni U-100, daktari alinionyesha mwenyewe. Chupa inakaa kwenye mlango wa friji. Steroidi hajawahi kuchomwa. Mkojo ulioteshwa maabara, haukutoa bakteria. Jino moja liling'olewa mwaka jana, mengine mazima. Chakula ni usipa wa kuchemsha na nyama ya kuku, ugali tulishaukata siku nyingi ingawa aligoma kula kwa hasira.

Usipa_Mkavu

Kyela tupo, usipa wetu unalea hadi wagonjwa wa Uyole 😂

Swali la mtu asiyesoma: kwa nini asianze na X-ray? Mbeya X-ray zipo hadi vichochoroni na bei yake inavumilika.

Fundi_Mionzi

Hapo kwenye X-ray ngoja nijibu mimi, ni kazi yangu. Napiga picha za watu, hospitali sitaitaja.

X-ray ya kichwa haitaonyesha tezi hiyo. X-ray inatofautisha mfupa, hewa na nyama kwa jumla. Kitu cha milimita 3 au 5 cha nyama laini, kimezungukwa na mfupa mgumu wa sakafu ya fuvu, kinamezwa chote. Ultrasaundi ndiyo kabisa, mawimbi hayapiti kwenye fuvu la paka mzima. Kwa hiyo zinabaki CT na MRI, ile mashine ya sumaku.

CT ni mionzi ileile ya X-ray, ila inamzunguka mgonjwa na kompyuta inajenga vipande. Nimewahi kuulizwa na daktari wa mifugo kama mashine zetu zinaweza, na jibu la kiufundi ni ndiyo, mashine haijui kama kilicholala ni mtoto au paka. Tatizo ni jinsi inavyopangwa. Kichwa cha mtu aliyepata ajali ya bodaboda tunakijenga kwa vipande vya milimita 5, inatosha kuona damu. Sasa fikiria tezi ya milimita 3 hadi 4. Kipande kimoja tu kinaimeza na kuichanganya na mfupa wa jirani. Ukipewa picha za namna hiyo ukaambiwa "tezi ni ya kawaida", hujaambiwa kitu. Kwa paka inatakiwa milimita 1 au chini, eneo dogo lililobanwa kwenye fuvu tu, kisha kompyuta ijenge upya picha kwa upande na kwa mbele ili urefu wa tezi upimwe.

La pili ni dawa ya kontrasti. Unapiga picha kavu kwanza, halafu unachoma mshipani dawa yenye iodini na kupiga tena hapohapo. Ubongo una ukuta unaozuia dawa ile isipenye, lakini pituitari haina ukuta huo, kwa hiyo inang'aa na kingo zake zinaonekana. Bila kontrasti usijisumbue, utalipia kivuli.

Na la tatu, jamani, msije kunitafuta usiku na paka ndani ya kikapu. Mashine ya binadamu ina utaratibu wake, kuna usafi, kuna mgonjwa wa dharura anayeweza kuingia muda wowote. Daktari wa mifugo aandike barua rasmi kwa uongozi. Wakikubali sawa, wakikataa msinuniane.

Dokta_Mtwivila

Fundi umenikosha moyo. Hilo la unene wa vipande hata baadhi yetu hatulijui.

Niongezee kwa Usipa_Mkavu. X-ray na ultrasaundi hazioni tezi lakini zina kazi kwa paka huyuhuyu. Ultrasaundi ya tumbo inaweza kuonyesha figo, ini au kongosho lililovimba, na tezi za juu ya figo, ambazo zinasaidia kutofautisha na ugonjwa mwingine nitakaoutaja. Ultrasaundi ya moyo ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu paka hawa misuli ya moyo huwa minene na unataka kumlaza kwa dawa ya usingizi. Moyo mnene plus kaakaa lililovimba linaloziba njia ya hewa ni usingizi wa hatari. Mtu akikuambia leta paka nimpige CT kesho bila kuusikiliza moyo, mkimbie.

Sasa CT dhidi ya MRI. Katika kundi lile la London, paka 63 kati ya waliokuwa na IGF-1 ya juu walipigwa picha. CT iliona uvimbe kwa 56. Kati ya waliobaki, watatu MRI iliwaonyesha, na mmoja uvimbe ulipatikana baada ya kufa, kwenye uchunguzi wa maiti. Kwa hiyo CT nzuri, yenye kontrasti na vipande vyembamba, inakamata wengi mno. MRI inaona zaidi nyama laini na inakamata vile vidogo vilivyojificha ndani ya tezi ambayo urefu wake bado ni wa kawaida. Lakini MRI ni ghali, ni ndefu, paka analala dakika nyingi zaidi kwenye usingizi wa dawa, na mashine zenyewe ni chache. Mimi kwa hali yetu nachagua CT bila kusita.

Kipimo tunachotazama ni urefu wa tezi. Ikizidi kama milimita 4 tunasema imekua. Ikipanda hadi kutoka kwenye kishimo chake na kusukuma ubongo juu, hiyo ni habari nyingine.

Na liwekeni akilini hili: picha nzuri isiyo na uvimbe haimtoi paka kwenye kesi. Tena picha yenye uvimbe haikwambii unatoa homoni gani. Hilo ni la damu.

Ndiyo maana ningekuwa mimi, damu kwanza. IGF-1 ni seramu kidogo tu (maji ya damu), hakuna usingizi, hakuna safari. Ila ipelekwe maabara iliyokipima kipimo hicho kwa paka, maana viwango vya binadamu havimhusu. Na asipimwe siku za mwanzo za kisukari. Ini linahitaji insulini ili litoe IGF-1, kwa hiyo paka ambaye hajaanza sindano anaweza kutoa jibu la chini la uongo. Wiki 6 hadi 8 baada ya kuanza insulini ndiyo wakati wake. Wewe ulishapita huko.

Ngwazi_wa_Ludewa

Dokta, ugonjwa mwingine uliosema utautaja ni upi? Nauliza kwa sababu paka wa mama mkwe ana kisukari pia, hanenepi, tumbo limeshuka, na juzi nilimshika shingoni nimuweke kwenye boksi, ngozi ikachanika mkononi mwangu kama gazeti lililolowa. Sijawahi kuona kitu kile.

Dokta_Mtwivila

Ngwazi, pole, na usimshike tena hivyo. Huyo anaelekea kuwa na ugonjwa wa Cushing: kortizoli nyingi. Kwa paka wengi nao unaanzia pituitari, uvimbe unatoa homoni ya ACTH inayozichochea tezi za juu ya figo. Unaleta kisukari kigumu pia, lakini ngozi inakuwa nyembamba na kuchanika, misuli inalegea, manyoya hayaoti vizuri. Hapo kipimo si IGF-1, ni kipimo cha deksamethasoni cha dozi ndogo, na ultrasaundi ya tumbo ionyeshe kama tezi zote mbili za juu ya figo zimevimba au ni moja tu. Zote mbili, unaangalia kichwani. Moja tu, shida huenda iko tumboni.

Ukiweka paka wawili hawa kwenye CT, Meneja na wa mama mkwe, unaweza kuona uvimbe unaofanana kabisa.

Kapuku_la_Mafinga

Haya nimesoma yote, nimejifunza, nakiri kimya kimya. Lakini swali langu la msingi bado lipo na sasa naliuliza kwa adabu. Tuseme picha imeonyesha uvimbe. Halafu? Nani Mbeya anaenda kupasua ubongo wa paka?

Dokta_Mtwivila

Sasa hilo ndilo swali la uzi mzima.

Njia ya kwanza ni upasuaji wa kuitoa tezi yote, wanaingilia mdomoni kupitia kaakaa hadi kwenye sakafu ya fuvu. Utrecht, Uholanzi, wamefanya hivyo, na London pia. Paka wengi wanaopona upasuaji huo kisukari chao kinaondoka kabisa, lakini wanabaki na dawa za kufidia homoni: hidrokotizoni, levothairoksini, na desmopresini angalau kwa muda. Kwa njia hii picha ni lazima, daktari hawezi kuingia bila ramani.

Ya pili ni tiba ya mionzi. Nayo inahitaji picha ili mwale ulengwe. Inapunguza uvimbe, kisukari kinalainika kwa baadhi, kwa wengine hakibadiliki sana.

Ya tatu ni dawa. Pasireotaidi imesaidia baadhi ya paka, lakini bei yake sitaki hata kuiandika na inaharisha. Kabagolini ni ya vidonge, famasi zetu wanaiuza kwa akina mama wenye homoni ya maziwa iliyozidi. Matokeo yake kwa paka ni ya kupishana, wapo walioitikia na wapo walioshindwa.

Ya nne ni kuupuuza uvimbe na kuikabili sukari kwa insulini ya kutosha. Paka hawa wanaweza kuishi hivyo kwa muda mrefu wakiwa na hali nzuri, ilimradi mwenye paka ana roho ya kuchoma sindano na kupima.

Kwa hiyo Kapuku, mwenye uwezo wa njia ya kwanza na ya pili apige picha. Mwenye uwezo wa tatu na nne, damu inaweza kumtosha. Nisingemshawishi mtu kutoka Mbeya kubeba paka mwenye moyo mnene zaidi ya kilomita 600 hadi Morogoro, kuuliza Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) au kwingine, kwa ajili ya picha ambayo haitabadilisha atakachofanya akirudi nyumbani.

Tabibu_wa_Tukuyu

Dokta Mtwivila, nakuheshimu ila hapo mwisho tunaachana. Mimi pia ni wa fani.

Picha moja ya mwanzo ina thamani hata kwa asiye na mpango wa upasuaji. Uvimbe wa milimita 5 na wa milimita 10 unaojisukuma kwenye ubongo ni wagonjwa wawili tofauti. Wa pili ataanza kusinzia, kuzunguka upande mmoja, kubana kichwa ukutani, hata kupoteza macho, na mwenye paka atadhani ni sukari imeshuka, atampa glukosi, na atapoteza siku. Ukijua mapema, unamwandaa mwenye paka.

Halafu kuna gharama iliyofichika. Insulini uniti 18 kwa siku kwa miaka miwili si bure. Mtu akikokotoa, CT si ya anasa kama inavyosikika.

Dokta_Mtwivila

Tabibu, la dalili za ubongo nakubali bila ubishi. Zikitokea, picha inaruka foleni. La gharama sikubali, kwa sababu CT haipunguzi hata uniti moja ya insulini. Inakuambia tu kwa nini unaitumia.

Shangazi_Makambako

Wataalamu wakigombana kwa staha hivi raha. Endeleeni.

Mwana_Uyole

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Daktari wangu alitoa damu, ikasafirishwa nje kwenye barafu pamoja na vibali vyake. Jibu limekuja: IGF-1 nanogramu 1,840. Amesikiliza moyo, una mlio usio wa kawaida, amenipa rufaa ya ultrasaundi ya moyo kwanza.

Familia tumekaa. Upasuaji Ulaya haupo kwenye uwezo wetu, tuseme ukweli. Tumekubaliana kabagolini chini ya usimamizi wake, insulini tuendelee kuipandisha taratibu. CT tumeiweka pembeni, ila daktari ameshaandika barua mapema kwenye hospitali moja ili zikitokea dalili alizosema Tabibu tusianze kuhangaika na ruhusa. Mke wangu ndiye aliyeshauri hilo la barua.

Swali moja limebaki. Uniti zikipanda hivi, nikilala si nitaamka nimemkuta amekufa kwa sukari kushuka?

Dokta_Mtwivila

Mke wako ana akili kuliko sisi wote humu.

Hofu yako ni ya haki. Homoni ya ukuaji haimwagiki kwa kiwango kimoja kila siku. Kuna siku inapungua, na dozi ileile ambayo jana haikugusa kitu leo inamwangusha. Kabagolini ikianza kufanya kazi ndiyo zaidi. Fanya hivi: pima kabla ya kila sindano, bila kukosa. Ikisoma chini ya 10 usichome dozi kamili, mpigie daktari kwanza. Asipokula, usichome kama kawaida, piga simu. Asali iwe jikoni mahali ambapo hata mtoto anaijua. Ukimkuta anayumba, analegea au anatetemeka, mpake kwenye fizi, usimmiminie mdomoni akapaliwa, kisha pima na umkimbize.

Na glukometa ya binadamu kwa damu ya paka mara nyingi husoma chini kidogo ya ukweli. Usiitumie hiyo kama kisingizio cha kupuuza namba ndogo.

Usipa_Mkavu

Meneja apewe salamu kutoka Kyela. Usipa mpya umeshuka wiki hii, nikutumie kwa basi la asubuhi?

Mwana_Uyole

Tuma mkuu, usio na chumvi. Namba nakutumia inbox.